UZI: Bekapu unayo. Kompyuta ikifa usiku wa leo, kesho asubuhi utafanya kazi?

FundiWaTudor

Asalaam aleikum ndugu zangu, na habari za mchana kwa wote.

Natengeneza kompyuta hapa Mombasa na nimekuwa nikitaka kuandika uzi huu muda mrefu. Siku hizi nikimuuliza mteja kama ana bekapu, wengi husema wanayo, na hilo ni jema. Tatizo huanza bekapu yenyewe inapotolewa mfukoni. Ni fleshi yenye folda moja ya mwaka juzi. Au ni diski ya nje iliyofungwa kwa nenosiri, na nenosiri limehifadhiwa ndani ya kompyuta ileile iliyokufa. Au mafaili yote yapo salama, lakini programu ya hesabu iliyoyatengeneza haipo, leseni yake haijulikani iko wapi, na mwenyewe ana wafanyakazi wa kulipa Ijumaa.

Kunakili mafaili ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kukaa tena kwenye kiti chako na kuendelea pale ulipoachia. Hiyo ndiyo nusu ninayotaka tuizungumze.

Nianze na yanayoua mashine kwetu pwani, maana ushauri mwingi wa mtandaoni umeandikwa na watu wasioishi na hewa ya chumvi. Stima ikikatika ghafla wakati mashine inaandika kwenye diski, faili linaloandikwa linaweza kuharibika, au mfumo mzima ukakataa kuwaka. Wengi mnakumbuka usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023, karibu nchi nzima ilipoingia gizani. Laptopu yenye betri nzima hunusurika; kompyuta ya mezani isiyo na UPS, kile kifaa cha betri kinachoshikilia stima ikikatika, haina kinga yoyote. Unyevu na chumvi hula viunganishi polepole, hasa nyumba zilizo karibu na maji. Mvua za El Niño za Novemba 2023 ziliingia majumbani, na watu wengi kompyuta zao huziweka sakafuni chini ya meza. Halafu kuna wizi: laptopu na diski yake ya nje vikikaa mkoba mmoja, vitaondoka pamoja.

Kuhusu diski zenyewe. Zile za zamani zinazozunguka mara nyingi hulalamika kabla ya kufa, zinagonga, zinakuwa nzito. SSD, zile za kisasa zisizo na kitu kinachozunguka ndani, nyingi hufa kimya. Jioni umeizima ikiwa nzima, asubuhi mashine haiioni kabisa. Tena faili likifutwa kwenye SSD, mfumo huiambia diski isafishe nafasi ile, kwa jina TRIM, kwa hivyo zile programu za kufufua mafaili zilizokuwa zikituokoa zamani mara nyingi hazipati kitu. Ukiwa na SSD, usijipe matumaini kwamba fundi atakufufulia.

Nitaendelea chini. Kama una swali uliza tu, usingoje nimalize.

TichaKisauni

Waalaikum salaam kaka. Mimi kazi zangu zote, mitihani, alama za wanafunzi, ziko Google Drive. Hapo si nimemaliza? Diski ya nje ya nini tena?

FundiWaTudor

Mwalimu, umefanya jambo zuri kuliko wengi, lakini hujamaliza.

Google Drive iliyounganishwa na folda ya kompyuta hufuata kile unachofanya. Ukifuta huku, kunafutwa kule. Virusi vikifunga mafaili yako kwa siri ili udaiwe pesa, yale yaliyofungwa ndiyo yatakayopanda mtandaoni na kukaa juu ya yale mazima. Tunakumbuka WannaCry ya Mei 2017, ilivyoenea dunia nzima ikidai dola 300 za bitcoin kwa kila mashine. Drive ina pipa la taka linaloshika vitu siku 30, na ina matoleo ya nyuma, kwa hivyo ukishtuka mapema utaokoka. Ukishtuka baada ya likizo ya muhula, pipa limeshajimwaga.

Pili, nafasi. Google hutoa GB 15 bure, na hizo zinagawanywa kati ya Drive, Gmail na Picha. OneDrive hutoa GB 5 tu, na Windows 11 mara nyingi huingiza Desktop, Documents na Pictures humo bila mtu kuelewa. Ikijaa inaacha kupandisha. Angalia kile kialama cha wingu karibu na saa: kikiwa na alama nyekundu, faili ulilohifadhi leo halijaenda popote.

Tatu, intaneti. Nyaya za baharini zinatua hapa hapa Mombasa, TEAMS inatoka Fujairah hadi kwetu, ila kutua kwake mlangoni petu hakutukingi. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika kusini mwa bahari, na Afrika Mashariki yote ikaburura mtandao kwa siku kadhaa. Hebu fikiria uko kwenye hali hiyo na unatakiwa uteremshe GB 100 kwa bando la simu.

Kwa hivyo mtandaoni iwe nakala moja, na nyumbani iwepo nyingine. Wenye kazi hii wana kanuni ya 3-2-1, iliyosambazwa na mpiga picha Mmarekani Peter Krogh: nakala tatu za kila kitu cha maana, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja iwe mahali pengine kabisa. Hizo tatu zinahesabu pamoja na ile ya kwenye kompyuta. Kwako wewe ni laptopu, diski ya nje, na Drive. Diski moja tu ndiyo unayopungukiwa.

MamaZuWaMarikiti

Kaka fundi, mimi nina biashara ya jumla ya viungo, hesabu zangu ziko QuickBooks ile ya kuweka kwenye kompyuta. Kijana wangu hunakili folda yote kwenye fleshi kila Jumamosi. Hii inatosha? Na fleshi nimeuziwa ya 2TB bei rahisi sana, nikashukuru.

FundiWaTudor

Dada, hapa yamo mambo mawili na yote ni mazito.

La fleshi kwanza. Fleshi ya 2TB ya bei ya kutupa, ile inayouzwa barabarani, karibu kila mara ni ya uongo. Ndani ina GB chache, imefanyiwa ujanja ijitangaze kuwa kubwa. Inapokea mafaili bila kulalamika. Ikishajaa ile nafasi yake ya kweli, inaandika juu ya yale ya zamani au inatupa yale mapya, na majina ya mafaili unayaona yote yamepangika. Ukija kufungua ndipo yanakataa. Mwambie kijana aweke programu ya bure iitwayo H2testw. Hamisha kwanza vilivyomo, kisha programu hiyo itaijaza fleshi nzima na kuisoma tena mwanzo mwisho, itakwambia nafasi ya kweli ni ngapi. Inachukua muda mrefu, iachie usiku. Hata mimi diski yoyote mpya naipitisha huko kabla ya kuikabidhi kwa mteja.

La pili, QuickBooks. Kunakili folda wakati programu imefunguliwa kunaweza kutoa faili la hesabu, lile la .QBW, lisilokamilika. Tumia amri ya bekapu iliyomo ndani ya programu yenyewe; itakutengenezea faili la .QBB, na kuna chaguo la kukagua faili zima kabla ya kuhifadhi, liwashe. Wanaotumia Outlook ya barua pepe na faili lake la .pst, shauri ni lilelile: funga programu kwanza ndipo unakili.

Na hapo hapo, dada, chukua daftari la karatasi uandike: namba ya leseni, namba ya bidhaa, barua pepe uliyonunulia, na nenosiri la msimamizi wa faili. Programu yenyewe, lile faili la kuisakinishia, lihifadhi kwenye diski pamoja na bekapu. Hicho ndicho kitakachokurudisha kazini. Hesabu bila programu ya kuzifungua hazikulipii mtu.

BahariaLikoni

Mkuu samahani, naona mnazunguka sana. Mimi niko Linux badala ya Windows miaka, folda ya mafaili yangu (/home) iko diski tofauti, mfumo ukifa naweka upya kwa nusu saa. Hizi habari za kunakili mfumo mzima ni kupoteza nafasi.

FundiWaTudor

Kwako wewe ni kweli, ndugu yangu, na sikupingi. Mtu anayejua kuweka mfumo wake upya, na programu zake zote zinateremka bure kwa amri moja, anahitaji mafaili yake na mipangilio tu. Ila nakuomba uhakikishe kitu kimoja: hiyo diski tofauti iko ndani ya mashine ileile? Mashine ikiibiwa kivukoni zote mbili zimekwenda. Na kama unategemea programu ya bekapu ya Timeshift, kumbuka kwa kawaida huacha folda za nyumbani, hushika mfumo tu. Déjà Dup ndiyo ya mafaili.

Dada wa Marikiti hali yake nyingine. Ana programu za kulipia, printa ya risiti iliyosumbua siku nzima kuiunganisha, mipangilio ya kodi. Kwake picha nzima ya diski, yaani nakala ya kila kitu pamoja na Windows yenyewe, inaokoa wiki. Ninayoipendekeza kwa watu wasio mafundi ni Rescuezilla. Ni ya bure, unaiweka kwenye fleshi, unawasha kompyuta kutoka kwenye fleshi hiyo, na skrini yake inaeleweka. Veeam Agent ya bure nayo ni nzuri, inafanya kazi yenyewe kila siku ukiipangia. Macrium Reflect ya bure tuliyoizoea wote iliachwa tangu Januari 2024, msiitegemee. Na ile ya ndani ya Windows, iliyoandikwa "Backup and Restore (Windows 7)", bado ipo kwenye Control Panel lakini Microsoft wenyewe walishasema hawaiendelezi.

Angalizo moja limeumiza watu. Picha ya diski iliyotengenezwa kwa Rescuezilla au programu mwenzake Clonezilla inataka irudishwe kwenye diski yenye ukubwa ule ule au zaidi. Ulikuwa na SSD ya GB 256, ikafa, ukakimbia madukani Moi Avenue ukapata ya GB 240. Itakataa, hata kama data yako yote ni GB 60. Ukinunua diski ya kubadilisha, nunua kubwa kuliko ya awali.

MzeeWaForodhani

Vijana, hamjambo. Mimi ni mstaafu, nilikuwa upande wa kukomboa mizigo bandarini. Laptopu yangu niliipeleka ikabadilishwe kitu ndani, imerudi ikiniletea skrini ya buluu inayotaka namba ndefu. Aliyeitengeneza ananiambia niifute yote. Mle mna barua zangu za miaka na picha za marehemu mama watoto. Nisaidieni.

FundiWaTudor

Shikamoo mzee wangu. Usikubali ifutwe. Izime, iweke, usome hapa taratibu.

Skrini hiyo ni ya BitLocker. Laptopu nyingi mpya zenye Windows 11 hufunga diski yote kwa siri pale unapoingia kwa akaunti ya Microsoft, wala hukuulizwa. Hufunguka yenyewe kila siku kwa sababu inaitambua bodi ya mashine. Bodi ikibadilishwa, au BIOS (programu ya kuwashia mashine) ikisasishwa, haiitambui tena, ndipo inadai ufunguo wa kurejesha: tarakimu 48, makundi manane ya tarakimu sita.

Ufunguo huo mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti yako. Chukua simu, au umwite mjukuu, muingie account.microsoft.com/devices/recoverykey kwa barua pepe ileile uliyoitumia siku ya kwanza kuwasha laptopu. Mtaona orodha. Kila ufunguo una kitambulisho chake, na kwenye skrini ya buluu pia kimeandikwa kitambulisho. Tafuta vinavyolingana, ndipo uandike zile 48. Kama laptopu ilifunguliwa na mtu mwingine, mwanao au muuzaji, jaribuni akaunti yake pia. Hapo ndipo nyingi hupatikana.

Lazima niseme wazi: ufunguo ukikosekana kila mahali, Microsoft hawawezi kuutengeneza upya, na hakuna fundi Mombasa wala kwingineko atakayeuvunja. Kwa hivyo tafuta kwa subira kabla ya kuamua lolote.

Na nyinyi wengine ambao skrini hii hamjaiona, ingieni ukurasa huo sasa hivi, muandike ufunguo kwenye karatasi, muuweke pamoja na hati za nyumba. Tarehe 19 Julai 2024, sasisho bovu la CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, lilipoangusha mashine za Windows takribani milioni 8.5 kwa makadirio ya Microsoft, dawa yenyewe ilikuwa kufuta faili moja. Kilichochelewesha watu sehemu nyingi ni kwamba kila mashine iliyofungwa ilidai ufunguo wake kabla ya kumruhusu mtu kuingia.

MpigaPichaMjiWaKale

Kaka, mimi ni picha na video za harusi. Nina diski nne za nje, zote kabatini studio. Moja imeanza kuota ukungu kwenye waya. Na picha za bwana harusi siwezi kurudia kupiga.

FundiWaTudor

Wewe ndiye ninayekuonea huruma zaidi, maana kazi yako ikipotea hakuna wa kuirudia.

Ukungu ni dalili kwamba kabati lina unyevu. Tafuta kopo la plastiki linalofunga kabisa, la kuwekea vyakula, tia ndani vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye viatu na mikoba, na uvibadilishe. Diski ikitoka kwenye chumba chenye AC kali usiichomeke mara moja nje kwenye joto. Iache itulie, maana maji hujikusanya ndani kama kwenye glasi ya juisi baridi. Usiiache garini. Na usiweke hazina ya miaka kwenye SSD iliyolala bila stima. Zinazozunguka zinafaa zaidi kwa kulala, ila ziwashe mara kwa mara uzisome.

Muhimu zaidi: diski nne kabati moja ni mahali pamoja. Moto wa Mji wa Kale unavyosambaa kwenye zile nyumba za kubanana unaujua kuliko mimi. Mbili zipeleke kwa ndugu ng'ambo ya maji, Likoni au Mtwapa, na kila mwezi ubadilishane naye. Diski ikiwa na picha za wateja ifunge kwa nenosiri, na nenosiri lisikae studio.

Kitu kingine: usifomati kadi ya kamera mpaka picha ziwe kwenye diski mbili. Kadi ni nakala pia, iache ifanye kazi yake.

TichaKisauni

Nimenunua diski, kaka. Sasa fleshi ya kuokolea, ya kuwashia mashine Windows ikikataa, inatengenezwaje? Laptopu yangu ni HP ya mtumba kutoka Uingereza, Windows 10.

FundiWaTudor

Vizuri mwalimu. Tengeneza mbili ukiweza.

Ya kwanza ni ya Windows yenyewe. Tafuta fleshi ya GB 16 au zaidi isiyo na kitu, maana itafutwa yote. Andika "recovery drive" kwenye sehemu ya kutafutia, fungua, alama ya kunakili mafaili ya mfumo iache ikiwa imewekwa, endelea. Inachukua muda. Ya pili ni fleshi ya Rescuezilla.

Kisha fungua Command Prompt, lile dirisha jeusi la kuandikia amri, kama msimamizi, andika `reagentc /info`. Ikikujibu "Enabled", sehemu ya kujiokoa iliyomo ndani ya diski ni nzima. Ikisema "Disabled", jaribu `reagentc /enable`. Laptopu nyingi za mtumba zilizowekwa Windows kwa haraka hukosa sehemu hiyo, na mwenyewe hajui mpaka siku ya siku.

Sasa ijaribu. Izime mashine, chomeka fleshi, iwashe huku ukibonyeza Esc mfululizo, halafu F9, uchague fleshi. Dell na Lenovo nyingi ni F12. Ukifika kwenye skrini ya kuchagua lugha ya kibodi na kisha ile ya kutatua matatizo, umefaulu. Toka, usibonyeze zaidi. Fleshi ambayo haijawahi kuwasha mashine usiihesabu.

Usichanganye na mambo mawili yenye majina yanayofanana. "System Restore" hurudisha mipangilio ya Windows nyuma lakini mafaili yako binafsi haiyashiki kabisa. "Reset this PC" ukichagua kubakiza mafaili, programu zako ulizoweka zitaondoka hata hivyo.

Na Windows 10 msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Laptopu nyingi za mtumba zenye prosesa za Intel za kizazi cha sita na cha saba haziko kwenye orodha ya mashine zinazokubaliwa na Windows 11. Ukiamua kuhamia Linux au kubadilisha mashine, picha kamili ya diski ichukuliwe kabla ya kugusa chochote.

MamaZuWaMarikiti

Kaka, fleshi imepimwa usiku kucha. GB 29 tu! Nimenunua diski ya kweli dukani. Bekapu ya QuickBooks imo, na picha ya mashine nzima kijana ameichukua kwa hiyo Rescuezilla. Nini tena?

FundiWaTudor

Hongera dada, umefanya haraka. Yamebaki mambo mawili.

Kwenye Rescuezilla kuna sehemu ya kuhakiki picha iliyochukuliwa, kijana aifungue aachie imalize. Kisha kwenye QuickBooks rudisha lile .QBB, lakini ulipe jina jingine na folda nyingine, lisije likakaa juu ya hesabu zako za leo. Fungua, tafuta mauzo ya Jumamosi, linganisha na kitabu chako cha risiti. Yakiwa sawa, lifunge.

Baada ya hapo diski ichomolewe. Isikae imechomekwa kwenye kompyuta wiki nzima, kwa sababu virusi vya kufunga mafaili hufunga na chochote kilichochomekwa. Ichomeke siku ya bekapu, imalize, itoke, irudi nyumbani; isilale dukani pamoja na kompyuta.

MzeeWaForodhani

Mwanangu, ufunguo umepatikana kwenye akaunti ya binti yangu aliyeko Malindi. Laptopu imefunguka. Picha zimo zote. Mungu akuzidishie.

FundiWaTudor

Alhamdulillahi, mzee wangu. Kabla ya kufanya lolote jingine leo, chomeka diski ya nje, nakili folda za Pictures na Documents, fungua picha kadhaa kutoka kwenye diski hiyo uone zinafunguka. Kisha ufunguo huo uandike kwa mkono wako, nakala moja abaki nayo binti.